Pampu ya Mwalimu Shobhana

Pampu iligoma Jumanne asubuhi, Umakant akiwa bafuni ananyoa ndevu. Alijua imegoma kwa sababu mchirizo wa maji sebuleni ulikatika ghafla, na nyumba yao ya ghorofa ya pili pale Upanga ikawa kimya kama nyumba ya watu waliosafiri. Alitoka na povu shavuni. Mkewe, Shobhana, alikuwa kwenye kiti chake mbele ya tangi la samaki, mkono wa kushoto ameuinua, anaonyesha kabati lililo chini ya tangi.

Tangi lilikuwa la Shobhana. Alifundisha sayansi shule ya msingi miaka ishirini na nane, na alipostaafu alisema hawezi kukaa bure bila wanafunzi, akaanza kufuga samaki wa baharini. Lita mia tatu za maji ya chumvi, mawe ya baharini, matumbawe laini mawili, na samaki saba. Mkubwa wao, mwenye mistari ya chungwa na nyeupe, aliitwa Hedimasta kwa sababu alimfukuza kila aliyepita mbele ya pango lake. Ndani ya kabati kulikuwa na tangi jingine dogo. Maji ya juu yalishuka huko kwa bomba, yakachujwa, kisha pampu ikayapandisha tena. Kazi hiyo haikusimama mchana wala usiku. Ikisimama, hewa hupungua majini, na samaki wa baharini hawana subira.

Umakant naye alikuwa fundi wa pampu. Miaka thelathini na mmoja alihudumia pampu za kiwanda cha kukamua mafuta, mashine kubwa ambazo mtu huzipanda kwa ngazi. Hata hivyo mkewe hakuwahi kumruhusu aguse tangi. "Mikono yako ni ya kiwandani," alikuwa akimwambia huku akicheka. "Hawa utawaua kwa wema."

Miezi minane iliyopita Shobhana alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakampotea. Kigujarati, lugha ya nyumbani kwao, kilikuwa bado hakijarudi sawasawa. Kilichorudi kwanza ni Kiswahili, pengine kwa sababu ndicho alichokisema darasani maisha yake yote, lakini kilirudi vipande vipande, silabi moja leo na nyingine kesho. Umakant akachukua kazi zote. Alipika, alimwogesha, alimfanyisha mazoezi, alipokea simu zake. Wageni walipomwuliza Shobhana hali, Umakant alijibu, "Hajambo, anaendelea vizuri," kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Kumwona akilitafuta neno kulimuumiza, ndiyo maana aliliwahi, kama mtu anavyowahi kikombe kinachoanguka mezani.

"Po... le," Shobhana alisema asubuhi ile, akimwangalia.

"Asante, mke wangu. Wala si kazi. Pampu ndizo zimenilea."

Shobhana akatikisa kichwa kukataa, akapiga mkono wa kiti. "Po... le. Po..."

"Nimesikia, Shobhana. Asante." Akafuta povu, akawasha kile kipampu kidogo cha hewa kinachotumia betri ili samaki wapate kupumua, akamwomba Candida, jirani wa ghorofa ya chini, akae na mkewe. Akaondoka na bajaji kwenda Kariakoo.

Duka alilolijua lilikuwa upande wa mtaa wa Gerezani, nyembamba, mabomba yamening'inia mpaka mlangoni. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, Kuruthumu, mwenye miwani aliyoipandisha juu ya mtandio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka pampu ya maji ya chumvi. Iwe na nguvu."

"Ya tangi la samaki?"

"Ndiyo."

"Karibu ukae. Kutoka pampu ilipo mpaka maji yanapomwagikia juu, ni futi ngapi?"

Umakant hakuwa amepima. "Kama tano hivi."

"Na bomba linaloshusha maji, upana wake?"

"Binti yangu, mimi nanunua pampu ya kupandisha. Kushuka maji yanashuka yenyewe."

Kuruthumu akatabasamu. "Yanashuka, mzee, ila kwa kadiri ya bomba. Ukipandisha mengi kuliko yanayoshuka, utaogelea sebuleni. Tangi anaangalia nani pale nyumbani?"

"Mke wangu."

"Basi mpigie, niongee naye. Dakika mbili tu."

"Mke wangu haongei," Umakant alisema.

Neno lile lilikuwa limeshatoka alipogundua kwamba si kweli. Aliona aibu, na aibu ile ikageuka hasira, maana hasira ndiyo aliyoweza kusimama nayo mbele ya mtu. Akasema yeye amehudumia pampu miaka thelathini na mmoja, hahitaji kuhojiwa. Akatoka. Maduka matatu mbele akanunua pampu ya chemchemi ya bustani, lita elfu nane kwa saa. Ile iliyokufa ilikuwa ya elfu mbili na mia tano. Kiwandani kwao pampu kubwa ilikuwa pampu salama.

Mchana Candida aliaga, akaenda kazini. Umakant akapiga magoti mbele ya kabati, akafunga pampu mpya, akakaza vibana, akachomeka waya kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni. Pampu ikanguruma. Maji yakapanda kwa kishindo, yakachemka juu ya mawe, samaki wakakimbilia pembeni. "Umeona?" alimwambia mkewe. Ikabidi apaze sauti. "Umeona nguvu hiyo?"

Shobhana alikuwa akisema kitu. Midomo ilicheza, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba tangu augue, na mngurumo uliifunika kabisa. Wakati huohuo Umakant akasikia harufu ya maziwa aliyoyabandika jikoni kwa ajili ya chai. Akakimbia.

Hakukaa hata dakika mbili. Alizima jiko, akafuta maziwa yaliyomwagika, na muda wote huo Shobhana alikuwa akimwita. Baadaye ndipo alipojua hilo, na lilimsumbua kwa siku nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mkewe alikuwa anamwita, na yeye hakusikia.

Alisikia mngurumo ukikatika. Alipofika mlangoni, maji yalikuwa yakitiririka kwenye kioo kama mvua kwenye dirisha, zulia limelowa, na maji yamebakiza kama shubiri moja kuifikia ekstensheni. Shobhana alikuwa amejikunja mbele kitini, nusu ya kuanguka, fimbo yake ya kutembelea ameishika kwa mkono wa kushoto. Kwa mpini wake uliopinda alikuwa ameunasa waya wa pampu, akauvuta mpaka ukachomoka. Alikuwa anahema. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya maji.

Umakant akazima swichi ya ukutani, akamrudisha mkewe kitini, akamkausha miguu kwa shuka lililokuwa karibu. Samaki mmoja mdogo wa buluu alikuwa amerushwa nje na kudondoka nyuma ya kabati. Walimwona akiwa ameshakufa. Umakant akamshika kiganjani, akakaa palepale sakafuni kwenye maji, suruali ikilowa.

"Po... le," Shobhana alisema.

Alitaka kujibu asante. Mdomo ulishafunguka. Lakini aliuona uso wa mkewe, akaona kwamba neno lile halijaisha, bado liko njiani. Akafunga mdomo, akangoja. Saa ya ukutani ilihesabu. Mishipa ya shingo ya Shobhana ilisimama, jasho likamtoka juu ya mdomo, na Umakant akajizuia kwa nguvu zote asimsaidie.

"Po... le. Po... le."

"Polepole," Umakant alisema, taratibu. "Ulikuwa unaniambia polepole. Maji yaende polepole."

Shobhana akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtoka, ila alikuwa pia anacheka, kile kicheko chake cha zamani kilichopinda sasa upande mmoja.

"Tangu asubuhi," Umakant alisema. "Tangu asubuhi ulishaniambia."

Jioni hiyo, baada ya kukausha sakafu na kurudisha kipampu cha hewa, alivuta kigoda akakaa mbele yake na daftari. Akamuuliza maswali ya Kuruthumu, moja moja, na kila moja akalingojea jibu lake. Upana wa bomba la kushusha? Shobhana aliinua kidole kimoja: inchi moja. Pampu ya zamani ilifunguliwa yote? Hapana. Ilibanwa? Ndiyo. Walichukua saa nzima kwa maswali ambayo mtu mwingine angeyajibu kwa dakika tatu. Ilikuwa saa ndefu kuliko zote walizozungumza tangu hospitali. Mwishoni Umakant akauliza swali ambalo halikuwa la Kuruthumu.

"Kesho nirudi Kariakoo. Nikuletee ipi?"

Shobhana alijigusa kifua. "Mi... mi."

"Wewe?"

"Mimi. Twe... nde."

Hakuwa ametoka nyumbani miezi minane isipokuwa kwenda hospitali. Umakant alifikiria ngazi, jua, watu. Karibu aseme hapana kwa niaba yake. Badala yake akashuka kumwomba Candida amsaidie asubuhi kumteremsha.

Bajaji iliwafikisha mpaka mlangoni pa duka. Dereva alikuwa muungwana, akazima injini na kuwakinga na mikokoteni kwa mwili wake. Kuruthumu alimtambua mzee wa jana, akamwona na mwanamke aliyeketi nyuma, sari imefungwa vizuri na fimbo magotini. Hakuuliza kilichotokea. Labda alikiona usoni mwa Umakant.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Mama anapendelea pampu ya namna gani?" Alikuwa akimtazama Umakant.

"Muulize mwenyewe," Umakant alisema. "Anachelewa kidogo. Lakini anajua."

Kuruthumu akashusha miwani puani, akasogea karibu na bajaji. "Samahani, mama. Nakusikiliza."

Shobhana akalitafuta neno. Mpita njia mwenye mzigo kichwani akapiga mluzi apishwe, honi zikalia, na wote watatu wakangoja. "Ki... mya," alisema mwisho.

"Kimya. Sawa. Hilo tunalijua kwa sikio tu." Kuruthumu akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji na pampu tatu, akaiweka ndoo kwenye kiti cha plastiki kando ya bajaji, akavuta waya. Aliwasha ya kwanza. Shobhana akaweka kiganja cha kushoto ubavuni mwa ndoo, akasikiliza kwa mkono, kisha akatikisa kichwa kukataa. Ya pili ilikuwa nzuri zaidi, lakini aliunusa waya na kuugusa kwa kidole baada ya muda, akaonyesha kwamba unapata joto. "Kweli," Kuruthumu alisema, "na joto la Dar halihitaji nyongeza." Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeusi, na kisanduku chenye kitufe cha kupunguza na kuongeza kasi. Shobhana aliuacha mkono kwenye ndoo muda mrefu.

"Hii inaenda mpaka lita elfu tatu," Kuruthumu alieleza, "lakini kwa futi tano za kupanda utapata kama elfu mbili, na unaweza kuibana zaidi. Umeme ukikatika inakubali betri."

"Chu... ma?"

Umakant hakuelewa. Kuruthumu alielewa. Akaifungua pampu kwa bisibisi palepale, akautoa mhimili wa katikati na kuuweka kwenye kiganja cha Shobhana. Ulikuwa mweupe na laini. "Kauri, mama. Hakuna chuma kinachogusa maji. Haushiki kutu, wala hauwatii samaki sumu." Akageuka kwa Umakant. "Mzee, wateja mia wananunua pampu hapa, hakuna anayeuliza hilo. Mkeo ni nani?"

Umakant akamgeukia mkewe. Ilikuwa zamu ya mwingine kujibu.

"Mwa... limu," alisema Shobhana.

Mchana waliifunga. Umakant alifanya kazi ya mikono, Shobhana ya kuamuru. Kasi ya chini kwanza, ikaongezwa kidogo, ikaongezwa tena mpaka mkono wa kushoto ulipoinuka: basi. Maji yalipanda bila kishindo na kushuka kwa bomba bila kukoroma. Umakant akakaa kuyatazama, ameridhika, lakini mkewe hakuwa amemaliza.

"Zi... ma."

"Nizime? Si ndiyo kwanza imeanza?"

"Zima."

Akazima. Maji ya juu yakaanza kurudi chini kupitia bomba la pampu, na tangi dogo likajaa, likazidi kujaa, Umakant ameshika kitambaa tayari. Yakasimama vidole viwili chini ya ukingo. Hapo akaelewa: umeme ungekatika wakiwa wamelala, maji yote yaliyomo njiani yangeshukia kule, na lazima yapate pa kukaa. Mkewe alikuwa amemfundisha somo zima kwa neno moja. Hedimasta alitoka pangoni, akamfukuza samaki wa manjano mpaka pembeni, na nyumba ikarudi kwenye mchirizo wake wa kila siku.

Wiki mbili baadaye simu ya Umakant ililia. Alikuwa Kuruthumu. Alisema kuna mteja wake wa Magomeni, Twaha, ambaye tangi lake jipya linatoa mapovu madogo kila anapowasha pampu, na yeye Kuruthumu amejaribu yote anayoyajua. Je, Mwalimu anaweza kumtazamia picha?

Umakant akaweka simu kwenye spika, akaiegesha mapajani mwa mkewe, akaenda zake jikoni kumenya viazi.

Alisikia kimya kirefu, Kuruthumu akingoja upande wa pili, na kelele za Kariakoo nyuma yake.

"Mle... te," Shobhana alisema. "Mlete. Juma... pili."

Jumapili walikuja wote wawili, Kuruthumu na huyo Twaha, na ndoo ya maji ya tangi lake, wakavua viatu mlangoni. Candida alipanda kuona kuna nini. Umakant aliwapa viti, na kwa kuwa viti havikutosha, yeye alikaa sakafuni.