Babu wa Bi Lavinia

Odessa, mpishi wa ile nyumba kongwe ya Natchez, kusini mwa Marekani, alishika sinia la biskuti huku tajiri wake, Bi Lavinia, akiwaonyesha wageni picha ya babu yake. "Alikufa vitani, kifua mbele!"

Mgeni mmoja akamgeukia Odessa, akamwita kama wazungu wa huko walivyowaita watumishi weusi. "Shangazi, wazee wako walimjua?"

Bi Lavinia akamtolea Odessa macho. Nyanya yake Odessa, mtumwa wa nyumba hiyo, ndiye aliyemlisha babu huyo miaka miwili akiwa kajificha darini.

"Walimjua sana," Odessa akasema. "Vita aliviogopa kama paka na maji. Sisi ndio tuliomficha."

"Vua aproni," Bi Lavinia akanong'ona.

Akaivua, akatokea mlango wa mbele, ambao watumishi hawakuruhusiwa kuutumia, wageni wakimpisha.