Mtaro wa Boersma

Jantina Boersma alikuwa jikoni akimenya matufaha aliposikia katapila likinguruma upande wa mtoni. Akatupa kisu, akatoka mbio na aproni yake.

Mto Hazel si mkubwa. Unatoka kwenye kinamasi nyuma ya kanisa, unajipindapinda katikati ya mashamba yetu, unaingia ziwani. Ng'ombe huuvuka bila kulowa tumbo. Lakini babu yake Jantina aliteremsha magogo humo kila theluji ilipoyeyuka na maji kujaa, na kila kona ina jina: Kona ya Kinu, Kona ya Kanisa, Kona ya Farasi, alipozama farasi wa babu.

Kona ya Farasi ilikuwa imeshakatwa. Miti imelala, tope jeusi limerundikwa, maji yamenyooka kama barabara.

"Nani kakuruhusu?" akamfokea dereva.

"Kaunti, mama. Tunasafisha mtaro."

"Mtaro gani? Huu mto!"

"Kwenye ramani ni mtaro, na mtaro hupewa jina la aliyeuomba. Mtaro wa Boersma."

Jantina akageuka. Bondeni walibaki akina Boersma wawili tu: yeye na mdogo wake Gerrit, na Gerrit huyo alikuwa nyuma ya katapila, mikono mfukoni.

"Kumbe ni wewe uliyewaita!"

"Dada, mahindi yangu yanaoza kila mwaka."

"Unalima kinamasini halafu unalalamikia maji! Babu alisema pale ni pa nyasi, ukajifanya mjuaji."

"Babu mwenyewe alivunja mawe yote ya mto ili magogo yake yapite. Hilo mbona hulisemi?"

Jantina akampa kisogo. Akaingia majini na viatu vyake, akasimama mbele ya katapila. Dereva akazima injini, akawasha sigara. Gerrit akambembeleza dada yake, akamtukana, akambembeleza tena. Mwishowe polisi wakaja, wakamshika makwapani, wakamtoa.

Mto ulinyooshwa mpaka ziwani. Mwaka uliofuata mahindi ya Gerrit yalistawi kweli. Samaki hawakuonekana tena. Kaunti ikasimamisha kibao darajani: Mtaro wa Boersma.

Jantina alikwenda mchana kweupe, magari yakipita, akaking'oa kwa shoka, akakibwaga barazani kwa mdogo wake.

"Jina lako hilo. Mimi nimelivua, nimechukua la mama."

"Dada, usiwe mtoto."

"Dada yako nani?"

Sasa kanisani kila mmoja ana benchi lake. Ukimwita Bibi Boersma, haitiki.