Mgongano wa Mkate wa Kumimina

Usiku wa jana ndoto ilinikuta kazini. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, nusu ya mapishi ya mkate wa kumimina yameshaingia, nusu bado.

Mkate wenyewe, wa mchele uliolowekwa ukasagwa, ni wa harusi ya mdogo wangu Mwanahawa, Jumapili. Mama amechoka na majiko ya harusi, akaniambia niandike anavyofanya yeye ili wapishi wafuate. Basi naandika katika wiki yangu ya nyumbani, yaani kurasa nilizojitengenezea kwenye kompyuta, ukurasa mmoja ukimpeleka msomaji kwa mwingine. Nyuma yake nimeweka programu ya kutunza matoleo. Kila ninapohifadhi, toleo la zamani halipotei, linawekwa akiba, nami natakiwa kueleza kwa mstari mmoja nimebadilisha nini. Hayo yote nilijifundisha mwenyewe, polepole, na nilikuwa najivunia kidogo.

Kabati la vyombo likakohoa.

"Mimi ndiye mtunza matoleo," likasema. "Fungua droo yoyote."

Nafungua. Ndani nimekaa mimi, mdogo kama kijiko, nachagua rangi ya kichwa cha ukurasa. Nafungua ya pili. Nimo, nachagua rangi. Nafungua ya tatu. Nimo, nairudisha rangi ya kwanza.

"Na maelezo uliyoyaacha ni haya," likasema kabati, likasoma kwa sauti ya karani wa mahakama. "'Marekebisho. Marekebisho madogo. Marekebisho. Marekebisho tena.' Bwana Shaame, hata paka akipita jikoni huacha habari zaidi ya hizi."

Nikasema nitajitahidi. Kabati likacheka kwa milango yote miwili.

"Haya, hifadhi mkate."

Nikabonyeza. Mgongano: matoleo mawili ya ukurasa mmoja hayapatani, na programu inataka nichague.

Kosa lilikuwa langu. Asubuhi nilikuwa nimeandika maneno ya mama kwenye simu. Mchana nikaenda Wete kwa Mama Mkubwa Mgeni, dada yake mama, naye akanieleza mkate uleule kwa namna yake. Nikayaandika kwenye kompyuta bila kwanza kuvuta, yaani kuyaleta humo, yale ya simu. Mwenye programu hizi anajua: vuta kwanza, ndipo uandike. Nami najua. Sikuvuta.

Sasa niko jikoni Wete. Katikati imesimama safu ya alama za sawasawa, zile ambazo programu hutenganishia matoleo yanayogongana, ndefu na nyeusi kama nondo za dirisha. Upande huu yuko mama, upande ule Mama Mkubwa, kila mmoja na mwiko wake.

"Sukari inaingia mkate ukishaumuka," anasema mama.

"Sukari inaingia mchele ukiwa bado majini," anasema Mama Mkubwa.

"Halafu maji unayamwaga! Dada, unaimwaga sukari yako, kisha unakuja kuomba yangu."

"Ninachomwaga mimi ni maji. Sukari imeshaingia ndani ya punje. Mkate wako wewe utamu wake uko juu juu, kama salamu za wifi."

"Mkate wangu haujawahi kurudi na sahani."

"Wenyewe wanaona haya kuurudisha."

"Futa mmoja," likaniambia kabati.

"Mstari mmoja?"

"Mistari ndiyo wao."

Nikaangalia. Miguu ya mama ilikuwa imegeuka herufi mpaka magotini. Za Mama Mkubwa zilikuwa zimefika kiunoni, kwa sababu yeye hueleza kwa kirefu.

"Utakayemfuta hatakuwamo ukurasani," kabati likaendelea, "na asiyekuwamo ukurasani hatakuwamo harusini."

Hilo halikuwa la ndoto peke yake. Mchana Mama Mkubwa alikuwa ameniambia, kwa upole kabisa, kwamba ukiliwa mkate usio wake yeye hatoki Wete. Na mama nilimjua. Harusi ya binti yake angekaa chumbani, na kila atakayemwuliza angeambiwa ni kichwa tu.

Wakati huo rojo la mkate linaumuka. Limetoka kwenye sufuria, limemaliza meza, limenifika kiunoni, vuguvugu.

"Wageni wameshaketi," likasema rojo.

"Nitaziweka sukari zote mbili," nikasema.

"Vizuri," likasema kabati. "Na kadi ya mwaliko mpelekee pia daktari wa meno."

Nikafikiri kwa utaratibu. Mambo yakiharibika, programu hukuruhusu kurudi nyuma. Nikaomba toleo la kwanza kabisa. Droo ya chini ikafunguka, ukatoka ukurasa mtupu, mweupe kama kanzu ya Idi. Ukanitazama kuanzia utosini hadi nilipoishia kwenye rojo.

"Humu ndani aliye sahihi ni mimi peke yangu," ukasema. "Sijawahi kukosea hata neno."

"Lakini huna kitu."

"Na wewe, bwana, ulicho nacho umekipika?"

Mama na Mama Mkubwa wakatazamana kupitia kwenye nondo.

"Hajawahi," akasema mama.

"Hata uji," akasema Mama Mkubwa.

"Ananijia na simu yake, 'Mama, vijiko vingapi?' Namtajia vyovyote vile ili aondoke."

"Ah! Na wewe?" Mama Mkubwa akashika nondo kwa mikono miwili. "Mimi mchana huu nimemwambia nusu kikombe. Kikombe chenyewe sina, nakisia kwa kiganja!"

Wakacheka mpaka herufi zikawapukutika miguuni. Sijawaona wakipatana namna ile tangu nipate akili.

"Mwanangu," akasema mama, akijifuta machozi, "umejenga kabati zuri. Sasa weka kitu."

Nondo zikapinda. Kila mmoja akanisukumia bakuli.

"Loweka la mama yako na langu," akasema Mama Mkubwa. "Uyapike yote mawili, uonje, ndipo umfute unayemtaka. Na mikono uoshe, huko kwenye kompyuta hatujui umeshika nini."

Rojo liko kifuani. Naosha mchele, punje zinaniponyoka, wao wanahesabu zilizoanguka na kupeana majibu. Kabati linainama.

"Umebadilisha nini?" linauliza.

Nikafungua mdomo nieleze, nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Kwenye kioo cha kompyuta mgongano ulikuwa palepale, mistari ya mama juu, ya dada yake chini, hakuna aliyefutwa.

"Kaka!" Mwanahawa akaita kutoka jikoni. "Nani kaloweka mchele mabakuli mawili? Na mbona mwengine umemwagwa chini hivi?"

Nikasema sijui. Mama alikuwa bado amelala.

Mwanahawa alipotoka kufuata ufagio, nikachovya kidole katika bakuli la kwanza. Maji.

Nikachovya katika la pili. Tamu.

Nikayafunika yote mawili kwa kawa. Punje zilikuwa bado ngumu. Kusaga ni kesho.