Mtu Aliyesema "Nakwenda"

Shangazi Nirupama, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anawaambia watu kwamba siku ya mchezo wa mtihani wa Mriganka, mtahini kutoka Kolkata alipiga chafya mpaka meno yake ya bandia yakaruka, na bibi yake Mriganka akayadaka kwa upindo wa sari, akayapangusa, akamrudishia. Anasimulia hivyo bombani, anasimulia hivyo kwa muuza samaki, na juzi nilimsikia akimsimulia mtu wa posta aliyekuwa ameleta barua ya nyumba nyingine.

Meno hayakuruka. Mimi nilikuwa jukwaani, hatua tatu kutoka kwa mtahini, na kazi yangu ilikuwa kukaa kimya, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuangalia. Meno yalicheza tu, akayazuia kwa kidole gumba. Yaliyobaki ni kweli, na mengine ni mabaya kuliko Shangazi anavyoyasema.

Mimi ni Jhuma. Nazungusha nyuzi nyumbani kwa akina Mriganka hapa Shantipur tangu nilipotoka darasa la nne. Uzi unatoka kwenye fundo, unapita kwenye gurudumu, unaingia kwenye vijiti, na vijiti vinakwenda kwa wafumaji wa sari. Ukiizoea kazi hiyo mikono inajiendea yenyewe na macho yanabaki huru. Ndivyo nilivyomwona Mriganka akikua, maana tuko rika moja: yeye anapita na vitabu, mimi nipo na gurudumu.

Alipoingia chuo cha maigizo huko Kolkata, kila likizo alirudi na jambo jipya. Likizo moja alikuwa mti. Alisimama uani tangu asubuhi, mikono juu, na bibi yake, ambaye jicho moja tu ndilo linalofanya kazi, akamwanikia sari mbichi. Mriganka hakutikisika mpaka sari ikakauka. Siku hiyo alikula wali sahani tatu kwa furaha. Alisema ni mara ya kwanza kumpata mtazamaji aliyemwamini kabisa.

Walimu wake hawakumwamini hivyo. Mwaka jana alianguka mtihani wa mwisho. Mchezo wake ulihusu kungoja, basi akaamua watazamaji wangoje nje, mlango umefungwa, na huko kungoja ndiko kuwe mchezo wenyewe. Mtahini alingoja nusu saa, akadhani mambo yameahirishwa, akapanda treni akarudi kwake. Chuo kinaruhusu kurudia mara moja tu. Akianguka tena, stashahada hakuna, na baba yake alishamwekea kiti nyuma ya mashine ya fotokopi karibu na mahakama. Kiti kina mto, na mto umetariziwa jina lake.

Masharti yalikuwa mawili. Mchezo uonyeshwe mtaani mbele ya watu wa kawaida, na usizidi dakika arobaini na tano.

Safari hii aliandika mchezo wa watu wawili na neno moja. Mume anafunga mizigo kwa dakika arobaini. Mke anazungusha nyuzi. Mwisho mume anasimama mlangoni, anasema "Nakwenda," anatoka, taa zinazimwa.

Alinieleza akiwa amechuchumaa kando ya gurudumu langu. Kwetu hakuna anayetoka nyumbani akasema nakwenda. Hata anayetumwa chumvi dukani husema nakuja, na anayebaki humjibu njoo, halafu humtaja Mama Durga, mungu mlinzi wa safari, mara mbili kwa sauti ya chini. Nakwenda ni neno la mtu anayebebwa na watu wanne kuelekea mtoni kuchomwa.

"Mji mzima unadanganyana mlangoni," Mriganka aliniambia. "Mtu wangu atakuwa wa kwanza kusema ukweli."

Nikamwuliza mke naye atajibu nini. Akasema mke hajibu kitu wala hainui macho, hata jukwaa likiungua. Ndiyo maana alinitaka mimi. Waigizaji wenzake wa chuoni, alisema, ukiwaambia wanyamaze, wananyamaza kwa kelele.

Siku ilifika. Ukumbi wa klabu ya mtaa ulijaa saa kumi na moja jioni, na wengine walikaa madirishani wakila bisi za mchele. Jukwaani kulikuwa na begi, gurudumu langu, na fremu ya mlango isiyo na ukuta, ya kuazima kwa seremala. Mtahini, Mwalimu Sanyal, mzee mrefu mwenye koti la rangi ya chai, alikaa mstari wa mbele, akavua saa yake akailaza mezani. Hata mimi, kwa kuibia jicho, niliweza kuisoma. Kushoto kwake alikaa bibi yake Mriganka na kijaluba chake cha tambuu. Nyuma yao alikaa Haradhan, fundi cherehani, aliyeshona shati la mume na akataka kila mtu alione.

Mriganka alifunga mizigo. Sijui niseme nini kuhusu hilo, alifunga vizuri. Alikunja shati moja mara kumi na moja. Watu walinyamaza, na mtoto wa mtu akalala. Dakika ya arobaini kamili alinyanyua begi, akasimama kwenye fremu, akatugeuzia mgongo.

"Nakwenda," akasema.

Ukumbi wote ulivuta pumzi kwa pamoja, kama alivyotaka. Akainua mguu. Hapo bibi yake akamwita.

"Wee mume wangu, usiseme hivyo. Sema nakuja."

Hakusema kwa sauti kubwa. Alisema kama anavyosema kila siku akiwa barazani, maana mjukuu wake humwita mume kwa utani. Lakini sasa Mriganka alikuwa ameitwa kisogoni, na mtu aliyeitwa kisogoni akiwa anatoka hawezi kuendelea. Lazima arudi, akae, anywe maji, ndipo aondoke upya. Kila mtu ukumbini alilijua hilo tangu ananyonya. Mguu wa Mriganka ulibaki hewani. Nadhani kichwa chake kilitaka kutoka, lakini mwili ukageuka wenyewe, ukarudi, ukakaa juu ya begi.

Bilauri ya maji ilikwisha kupokezanwa kutoka mstari wa nyuma mpaka jukwaani. Akanywa. Watu wakapumua. Dakika ya arobaini na mbili.

Akasimama tena, akaenda kwenye fremu, na kwa ukaidi ule ule akasema, "Nakwenda."

Haradhan akapiga chafya.

Chafya moja. Mbili si neno, mbili ni baraka, lakini moja inafunga njia. Mriganka akarudi kwenye begi bila kuambiwa. Watu wakamgeukia Haradhan, wakamtaka amalizie. Haradhan alijaribu. Aliitazama taa, alijikuna pua kwa uzi, akasema imekataa. Mzee mmoja akatoa kopo lake la ugoro, Haradhan akavuta, na kwa kuwa kopo lilikuwa wazi na feni ilikuwa inazunguka, ugoro ukaenea mistari mitatu ya mbele. Wakaanza kupiga chafya wote. Mwalimu Sanyal alipiga tatu, na hapo ndipo meno yalipocheza.

Kisha ukazuka ubishi wa hesabu. Shangazi Nirupama alisema zimefika kumi na moja, si jozi, kwa hiyo njia imefungwa. Karani wa klabu alisema ni kumi na mbili, maana ya mtoto aliyelala nayo inahesabika. Wakamwuliza mtahini, mtu msomi. Mwalimu Sanyal alisema kwa uangalifu kwamba za kwake ni tatu, za wengine hakuziangalia. Dakika ya arobaini na tano ilipita hapo, katikati ya neno lake. Mriganka aliiona ikipita. Mimi pia.

Niliendelea kuzungusha. Nilikuwa nimeambiwa nisiinue macho hata jukwaa likiungua, na halikuwa likiungua. Lakini dakika ya hamsini bado alikuwa amekaa juu ya begi, bilauri tupu mkononi, watu wanakohoa, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na njia ya kumtoa. Mume anatolewa na nani nyumbani kama si anayebaki?

Nikasema, "Njoo."

Mamia ya midomo yakamtaja Durga mara mbili. Mriganka alinitazama kama mtu aliyepigwa na kusaidiwa kwa mkono ule ule, akachukua begi, akatoka. Mtu wa taa alikuwa bado anafuta machozi ya ugoro, ikabidi karani azime. Dakika ya hamsini na moja.

Walipowasha, Mwalimu Sanyal alikuwa amesimama, leso puani. Alisema ametahini kwa miaka thelathini na hajapata kuona watazamaji wakiingizwa ndani ya mchezo namna ile. Akauliza sehemu ya bibi, maji na chafya imeandikwa na nani.

Mriganka alimtazama mtahini, akatazama saa pale mezani.

"Mimi," akasema.

Basi mtahini akasema vizuri sana, hawezi kutoa alama peke yake, jambo kama hili lazima kamati ilione. Alhamisi ijayo, chuoni, mchezo ule ule na watu wale wale. Ukirudiwa ulivyo, dakika sita za ziada zitahesabiwa kuwa sehemu ya mchezo, na Mriganka atapita. Usiporudiwa, basi zilikuwa fujo tu, na kwa fujo za dakika sita mtu anaanguka. Akaenda kunywa chai.

Kwa hiyo wiki nzima uani kwetu palikuwa na mazoezi. Mtoto aliyelala alipatikana, na alilala vizuri. Mzee wa ugoro alikubali. Haradhan ndiye aliyesumbua. Alikuja kila asubuhi amevaa suti, akavuta ugoro, akangoja, hakuna kitu. Mriganka alimkalisha akamwuliza kama wanavyoulizwa chuoni, chafya hiyo inataka nini.

"Inataka kutoka, bwana," Haradhan akamjibu, "lakini ukiitazama inaona haya."

Jumanne ikatoka, lakini zikatoka mbili. Mriganka akamwomba apunguze moja. Haradhan akasema hata yeye akishona suruali miguu inatoka miwili.

Jumatano jioni ilitoka moja, safi. Shangazi Nirupama, ambaye hakuna aliyemwalika, alikuwa amekwisha pakia chakula cha safari cha watu ishirini.

Alibaki bibi. Yeye tangu mwanzo hakukataa kwa ukali; alikuwa anatengeneza tambuu na kuzungumza habari nyingine. Alipobanwa alisema siku ile alisahau kwamba ni mchezo, ulimi ulimtangulia, na tangu hapo ameshafunga siku mbili kwa ajili ya kosa hilo. Leo amwite mjukuu wake kisogoni kwa kukusudia, tena siku ya mtihani, yeye ana kichaa? Mriganka alimweleza kwa upole kwamba atakayeitwa si yeye, ni mtu wa kwenye mchezo.

"Amevaa shati lako," bibi akasema.

"Tutambadilisha shati, Bibi."

"Na shingo je?"

Alimweleza habari za stashahada. Alimweleza habari za kiti na mto. Bibi alisema mto huo ameutarizi yeye. Na kila mtu alijua kwamba bila bibi kuita hakuna maji, bila maji hakuna kurudi, na bila kurudi Mriganka atasema neno lake moja, atatoka dakika ya arobaini, na kamati itaona mtu amefunga begi.

Leo ni Alhamisi. Treni ni saa nne kasorobo. Asubuhi hii tulikuwa uani sote: Haradhan na suti, mzee na kopo, mama na mtoto wake aliyeanza kusinzia, Shangazi na masufuria yake. Mimi nilikuwa nimefunga gurudumu kwa kamba na nimevaa viatu. Bibi alikuwa barazani na sari ya nyumbani, kijaluba wazi mapajani.

Mriganka hakubishana naye tena. Aliinama akamgusa miguu, bibi akamwekea mkono kichwani. Kisha akachukua begi lile la mchezo, akavuka ua, akasimama kwenye mlango wetu, ule wenye ukuta, akatugeuzia mgongo. Hakusema nakuja. Hakusema nakwenda pia. Nilimfahamu: akiitwa hapa mara moja, na asidhurike, labda bibi ataona kwamba inawezekana, atabadilisha sari, atakuja.

Haradhan aliziba pua kwa vidole viwili. Shangazi Nirupama, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifunga mdomo. Mimi njoo nilikuwa nayo ulimini, lakini njoo husemwa na anayebaki, na mimi nilikuwa na viatu miguuni.

Bibi alichagua jani, akalipangusa juu ya goti, akalipaka chokaa, akaweka popoo. Jicho lake zima lilikuwa kisogoni kwa mjukuu wake. Mkono wenye tambuu ulipanda nusu ya njia kuelekea mdomoni, ukasimama hapo.

"Bibi," Mriganka akasema bila kugeuka, "niite."