Siku Jeep ya Pasta Ilipoacha Kugonga

Huko Mushaki watu walisikia jeep ya Pasta Valens kabla hawajaiona. Gurudumu la mbele, upande wa kuume, liligonga ko! ko! ko! kwenye kila shimo, na mashimo ya barabara yetu hayana likizo. Pasta aliona haya. Lakini wako waumini waliomshukuru Mungu kwa kelele ile, wa kwanza wao akiwa shemasi wake mwenyewe, Papa Sebarenzi. Mke wa Sebarenzi, Mama Mukandayisenga, alikuwa fundi wa kasiksi, pombe aliyoitengeneza kwa ndizi za Shasha, na wateja wake wakubwa walikuwa wanakwaya. Jeep ikigonga pale kilimani, vikombe vilitoweka, Biblia zikafunguliwa, na Pasta akapokewa kwa wimbo.

Basi Pasta alipoamua kuteremka Sake kwa fundi wa magari, Sebarenzi akapanda naye bila kualikwa.

Fundi alikuwa Mama Nicole, mwanamke mwenye mafuta ya gari mpaka kwenye viwiko.

"Inagonga wakati gani, Pasta? Ukikata kona, ukifunga frein usimame, ao mu mashimo?"

"Mu mashimo. Zaidi nikienda polepole."

"Ile njo jiwe imekwama," Sebarenzi akadakia. "Itaanguka yenyewe, kwa jina la Yesu."

Mama Nicole akaenda mbele ya gari. Alikandamiza boneti kwa uzito wake wote, akaachilia. Gari likapanda mara moja, likatulia. "Amortisseur, ile ya kuzuia gari kurukaruka, iko muzima." Akainua gurudumu kwa kriki, akalishika kushoto na kulia, akalitikisa. Kimya. "Direction ya usukani nayo iko bien." Kisha akaingiza chuma kirefu chini ya tairi, akalinyanyua.

Ko!

Sebarenzi akakohoa kwa nguvu.

Fundi akanyanyua tena. Ko! Sebarenzi akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Papa," Mama Nicole akasema, "kifua yako iko na chuma ndani? Kuja hapa. Ingiza mukono nyuma ya gurudumu, shika hii."

Alimshikisha rotule, kile kifundo cha chuma kinachoshikilia gurudumu kama nyonga inavyoshikilia mguu. Fundi akanyanyua chuma chake. Kifundo kikaruka chini ya vidole vya shemasi.

"Yesu wangu! Inaruka!" akapiga kelele, kabla hajajizuia.

"Njo hiyo. Rotule imekwisha. Pasta, ungeendelea hivi, gurudumu ingekutangulia mbinguni."

Wakafungiwa rotule mpya, wakapanda kurudi. Jeep ilikwenda kimya kama paka anayefuata maziwa. Sebarenzi alitokwa na jasho. Kwenye kona ya mwisho kabla ya kwake alifungua dirisha, akaanza kupaza wimbo wa kanisa kwa sauti yote Mungu aliyompa, ili watu waonywe. Pasta akadhani ni shukrani. Moyo ukamjaa, naye akaitikia kwa besi.

Kule uani, wanakwaya walisikia wimbo, wala hawakusikia ko. Wakadhani ni wenzao waliochelewa. Wakatoka barabarani wakicheza, vikombe juu, Mama Mukandayisenga mbele na bidoni yake ya kasiksi.

Pasta akafunga frein. Mwanakwaya mmoja akajaribu kukificha kikombe kwa Biblia, pombe ikamwagikia Zaburi.

"Papa Sebarenzi," Pasta akauliza taratibu, "kule Sake ulikuwa unakohoa nini?"

"Kasiksi, Pasta," shemasi akajibu, macho chini.

Pasta aliwatazama mmoja mmoja. Alitaka kuwafukuza wote, lakini kwaya nzima ilikuwa pale, na Jumapili nani angeimba? Mama Mukandayisenga, ambaye hajawahi kumwogopa mtu, akamletea kiti.

"Ikala, Pasta. Maziwa iko. Kama utatukasirikia, utukasirikie ukiwa umekaa."

Akakaa. Akanywa maziwa yote.

Jumapili alihubiri juu ya Nuhu. Safina aliipita haraka, akapiga kambi kwenye shamba la mizabibu, pale Nuhu alipolewa divai. Mahubiri yalikuwa marefu kweli. Kwaya iliimba vizuri kuliko siku zote, na hakuna aliyethubutu kutazama upande wa mimbari.