Wakwe wa Fundi Cherehani

Dobi alikuwa na mdomo, na dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikuwa na subira ya kumtosha yeye na mdogo wake. Ndiyo maana waliweza kuishi chini ya paa moja. Fundi alipoletewa kindi wawili, dume na jike, waliookotwa wakiwa wachanga baada ya mti wao kukatwa, dobi alicheka mpaka akashika mbavu. Viumbe wale waliogopa kila kitu: mlango, kikohozi, hata pazia likitikisika. Mtu akiingia tu, wanazama kwenye matambara ndani ya kizimba. Nyumba nzima ikawa inatembea kwa kunyata.

"Wakwe zako wameamkaje?" dobi alikuwa akiuliza kila asubuhi.

"Salama. Punguza sauti."

Miezi miwili fundi alishona akiwa amewapa mgongo, hawaiti wala hawatazami, ameacha kizimba wazi na karanga mbili tatu mfukoni mwa aproni. Dobi aliona ni upuuzi mtupu, mpaka siku ile jike alipotoka, akapanda sketi, akajitumbukiza mfukoni na kulala humo huku cherehani ikinguruma. Dada yake hakuwahi kuwakamata hata mara moja. Alingoja mpaka wao wamfuate.

Tatizo ni kwamba hawakukubali chakula cha mtu mwingine. Fundi naye alikuwa na mtoto wa jicho, tarehe ya upasuaji imefika, hospitali iko mbali, na angerudi baada ya siku kumi. Akaacha aproni juu ya kiti.

"Ivae hii ukiwalisha. Watakuzoea kupitia harufu yangu."

Sasa, mtu aliyefua nguo za watu miaka kumi na minane akiona aproni ina mafuta ya cherehani, vumbi la chaki na mkojo wa kindi, mikono inamwasha. Dobi aliifua. Akaichemsha, akaitia dawa ya madoa, akaipiga pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Alipoivaa na kusogea kizimbani, kindi walijibanza pembeni wakitetemeka. Siku hiyo hawakugusa kitu, wala kesho yake. Jike akaanza kulegea. Dobi akapiga simu hospitali.

"Dada, niliifua."

Dada yake akacheka kidogo.

"Ningeshangaa kama usingeifua. Hamishia meza yako ya pasi chumbani kwao. Fanya kazi, wape mgongo."

"Na wakifa?"

"Usiwatazame kwa hofu, mdogo wangu. Wana ya kwao inawatosha."

Dobi akapiga pasi, mdomo ameufunga, vipande vya tango mfukoni. Shingo ilimwasha kugeuka. Hapo ndipo alipojua dada yake alifanya kazi gani miezi ile miwili, na akaona haya kwa utani wake wote. Siku ya pili mchana alisikia kucha zikikwaruza mguu wa meza. Hakugeuka. Mfuko ukawa mzito kidogo, kisha ikasikika sauti ya kutafuna. Dobi alilia huku akinyoosha mkono wa shati la mteja, na shati likalowa bila kunyunyiziwa maji.

Siku ya kumi fundi aliingia, jicho moja limefungwa, ananuka dawa za hospitali. Kindi walimwona, wakaruka, wakajificha wote wawili ndani ya mkono wa gauni la dobi.

"Samahani, Dada," dobi alinong'ona, kama aliyekutwa na mali ya mtu. "Wamekusahau."

Fundi aliutazama ule mkono wa gauni uliotuna.

"Wamenenepa," alisema.

Dobi alimchunguza uso akitafuta wivu, kwa macho ya mtu ambaye kutafuta madoa ndiyo kazi yake. Hakuona hata chembe. Fundi alivuta kiti, akawapa mgongo, akaanza upya.