Tisa Kwenye Mamoja

Tangu wazazi wa Lacey wauze ng'ombe wao na kuhamia naye mjini Billings, shule yetu ndogo ya mashambani ilibaki na mwanafunzi mmoja tu, Maren wa darasa la pili. Asubuhi moja ya theluji nilimkuta anacheza peke yake mchezo wa zamani wa yeye na Lacey: kila mtu anaokota kadi tatu za tarakimu na kuzipanga, na mwenye namba kubwa anashinda. Za Lacey alikuwa amezipanga mbele ya kiti kitupu, 421. Mwenyewe aliokota 9, 1 na 3, akaweka 139.

“We Maren, tisa kwenye mamoja? Ipeleke kwenye mamia, utamshinda.”

“Najua, Mwalimu. Ingekuwa mia tisa thelathini na moja.”

“Sasa mbona hupeleki?”

“Lacey hapendi kushindwa. Akishindwa anaondoka.”

Nikavuta kile kiti nikae.

“Hapo pana mtu,” akaniambia upesi.

Nikaleta kiti kingine. Tulicheza watatu mpaka baba yake alipokuja kumchukua, na kila zamu tarakimu yangu kubwa niliiweka mwisho.